Delenda

Jamani wadau, wiki hii nimezama kwenye Kilatini na kuna neno moja limegoma kunitoka kichwani: delenda.

Linatokana na kitenzi delere, yaani kufuta au kuangamiza. Kitenzi kinageuzwa kivumishi: delendus kwa nomino za kiume, delenda kwa za kike, delendum kwa zisizo za kiume wala kike. Sisi watu wa ngeli hatushtuki, si tunasema mzuri, kizuri, zuri kila siku? Carthago ni jina la kike, basi ni delenda. Angalia lakini: maana si "iliyoangamizwa", hiyo ni deleta. Hii ni "ya kuangamizwa", inayopaswa kuangamizwa. (Ajenda ya vikao vyetu nayo ni ya ukoo huo huo: agenda, mambo ya kufanywa.)

Mwenye neno lake ni Cato Mzee. Miaka ya 150 KK alitumwa Carthago, akakuta mji ulioshindwa na Roma mwaka 201 KK umetajirika upya. Toka hapo akawa anafunga kila hotuba kwenye Seneti na shauri hilo, hata kama mada ilikuwa nyingine kabisa! Inasimuliwa alionyesha tini mbichi, eti imechumwa Carthago siku tatu tu zilizopita. Adui yuko karibu hivyo. Ile sentensi tunayokariri, Carthago delenda est, haimo hivyo kwa waandishi wa kale. Pliny anaripoti Carthaginem delendam, na Plutarch ameandika kwa Kigiriki.

Kinachonikera mimi ni hiki: nani aangamize? Neno halisemi. Nani kaamua? Halisemi pia. Linafanya ionekane kosa limo ndani ya mji wenyewe, kama embe lilivyo la kuliwa. Scipio Nasica alipinga, akitaka Carthago iachwe ili Roma iwe na wa kumwogopa isije ikalewa raha. Hoja ya ajabu, lakini ingeokoa watu.

Cato alikufa 149 KK, vita ndiyo imeanza. Mji ukaanguka 146 KK, ukachomwa. Appian anataja watu 50,000 waliojisalimisha kutoka ngomeni. Waliosalia wakauzwa utumwani. Ile habari ya chumvi kumwagwa shambani achaneni nayo, hakuna mwandishi wa kale aliyeitaja.