Miaka Mia ya Wakunga wa Leslie

Wilaya ya Leslie, iliyoundwa mwaka 1878 na kupewa jina la Preston Leslie, aliyekuwa gavana, imo katika milima ya Appalachia, mashariki ya jimbo la Kentucky, Marekani. Na mabonde yake yamebanwa hivi kwamba mwaka 1925 njia za wenyeji aghalabu zilikuwa ni vitanda vya vijito, visivyopitika mvua ikizidi.

Mwaka huo ndipo Mary Breckinridge, mjukuu wa Makamu wa Rais wa zamani, muuguzi aliyefiwa na mume wake wa kwanza na baadaye na watoto wake wawili, alipoasisi huko huduma iliyoitwa tangu 1928 Frontier Nursing Service. Ukunga alikwenda kuusomea London, kisha akazuru Uskoti kutazama jinsi wauguzi wanavyohudumia watu waliotawanyika visiwani na milimani; na nidhamu aliyoiona huko ndiyo aliyoipanda Leslie.

Wauguzi wake walipanda farasi usiku na mchana, mifuko ya ngozi ikining'inia ubavuni mwa tandiko, mmoja wa vyombo vya uzazi na mwingine wa maradhi mengineyo. Ada ya uzazi ilikuwa dola 5, na asiyekuwa na fedha alilipa kwa malisho ya farasi, kuku, au kazi ya mikono yake. Kwangu mimi hekima kubwa ya taasisi imo humo, maana fukara hakufanywa ombaomba. Fedha nyingi, hata hivyo, zilitoka kwa matajiri wa mijini, na si siri kwamba Bibi Breckinridge aliwavuta kwa kuwasifia usafi wa nasaba ya Kiingereza ya watu wa milimani, maneno ambayo hayastahili kupambwa katika kumbukumbu hii.

Hospitali ilifunguliwa Hyden, makao makuu ya wilaya, mwaka 1928. Kampuni ya bima ya Metropolitan ilipochunguza uzazi 1,000 wa kwanza, haikuona mama hata mmoja aliyefariki kwa sababu ya uzazi wenyewe. Vita vilipozuka mwaka 1939, wakunga wengi wa Kiingereza wakarejea kwao, na dharura hiyo ikazaa skuli ya wakunga papo hapo Hyden. Mwasisi alifariki mwaka 1965; hospitali ikauzwa mwaka 2011; na skuli, ambayo leo ni chuo kikuu, imehamia mji wa Versailles, nje ya milima, ikifundisha wanafunzi walio mbali.