Pete Postlethwaite: Sura Unaijua, Jina Ndio Hukumbuki

Kama umecheki The Usual Suspects, yule wakili mpole wa kutisha, Kobayashi, ni yeye. Huyu msee wa Warrington, Uingereza, alizaliwa 1946, akawa ticha wa drama kabla aingie stejini. Aliambiwa abadilishe hilo jina gumu, akakataa. Oscar aliteuliwa mara moja tu, kwa In the Name of the Father (1993), akiwa baba anayefia jela bila hatia. Anza na hiyo, uko na tishu karibu. Spielberg alimfanya mwindaji kwa The Lost World, jina Roland Tembo (ndio, Tembo!). Hata The Constant Gardener, iliyoshutiwa Kenya, ako ndani. Kwa Inception (2010) ndiye yule buda tajiri anayekufa kitandani. Januari 2011, saratani ikambeba akiwa na miaka 64.