Chupa ya Chai na Nyota za Uongo

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, na aliyenichelewesha ni kamera. Leo naweka programu kando kidogo, tupige historia.

Januari nilikuwa kwa nyanya, nje kidogo ya Salgaa, kule malori ya masafa marefu yanakolala. Ukizipa mgongo taa za barabara kuu, anga la huko ni jeusi kwelikweli. Niliazima kamera ya kaka yangu na kuifunga juu ya mbao mbili zenye bawaba, zinazosukumwa polepole na mota niliyoiandikia programu ili kamera ifuate nyota. Tuko karibu na Ikweta, kwa hiyo bawaba yangu inalala karibu mlalo, ikielekea kaskazini. Nikalenga Orioni, nikaiacha kamera wazi dakika 5.

Nyota zilitulia, lakini picha ilijaa chenga nyekundu na za bluu. Nikafunika lenzi, nikapiga tena. Nukta nyingi zilikuwa palepale! Nyota za uongo.

Mhalifu ni joto. Ndani ya kihisi, kile kibamba cha silikoni kinachopokea picha, mwanga hufungua elektroni nazo zinahesabiwa. Joto nalo hufungua elektroni, na kihisi hakijui zipi ni za nani. Kwa wastani, kila kikipoa nyuzi 6 hivi, elektroni za joto hupungua nusu.

Mimi kama mwanaprogramu nilisema: rahisi, nitatoa picha ya giza kutoka kwenye picha ya nyota. Hapo ndipo hesabu iliponiumbua. Joto likitoa wastani wa elektroni 100, safari moja zitakuwa 93, nyingine 108. Wastani unautoa, lakini yumbayumba hiyo inabaki. Dawa ni kuzuia elektroni hizo zisizaliwe.

Wanaanga walijua faida ya baridi mapema. Enzi za filamu, hasa miaka ya 1960 na 1970, wapigapicha wa anga walipoza filamu kwa barafu kavu, yenye nyuzi -78, ingawa kwa sababu nyingine: filamu iliyoachwa wazi muda mrefu huchoka kupokea mwanga, na baridi huipunguzia uchovu huo. Tatizo lao kubwa lilikuwa umande kuganda juu ya filamu. Wengine waliondoa hewa ndani ya kamera, wengine wakabana kipande kinene kisichozuia mwanga mbele ya filamu.

Mwaka 1969 Willard Boyle na George Smith wa Bell Labs, Marekani, walibuni kihisi cha CCD, kazi iliyowapa Tuzo ya Nobel mwaka 2009. Mwaka 1976 James Janesick na Bradford Smith walikitumia kupiga picha ya Uranus kwa darubini ya Chuo Kikuu cha Arizona. Tangu hapo vituo vikubwa vya anga vimepoza vihisi vyao kwa naitrojeni kimiminika, hadi karibu nyuzi -100.

Sisi wa mfuko mdogo tuna ugunduzi wa Mfaransa Jean Peltier wa mwaka 1834: pitisha umeme kwenye maungio ya metali mbili tofauti, upande mmoja unapoa, wa pili unapata moto. Ndiyo siri ya vijifriji vingi vidogo vya kwenye gari, na ya kamera za anga zinazouzwa kwa wapenzi wa nyota.

Sikuwa na Peltier. Nilikuwa na barafu ya muuza soda, ndoo na mfuko wa plastiki. Picha ya kwanza ilinifurahisha sana. Nilipoutoa mfuko nikaufungua papo hapo, hewa ya nje ikaigusa kamera baridi, umande ukatanda hadi ndani ya lenzi. Kamera ikazima. Jumamosi kaka alikuwa na harusi ya kupiga picha, na malipo ya awali alishayatumia kwa karo ya mtoto.

Siku mbili sikulala vizuri. Ijumaa jioni kamera ikawaka. Nilimweleza kaka kila kitu. Kunisamehe alinisamehe, ila kamera haniazimi tena.

Usiku ule wa kuharibu, kando yangu palikuwa na chupa ya chai ya nyanya. Mwaka 1892 Mskoti James Dewar alibuni chombo chenye kuta mbili na ombwe katikati, atunzie gesi zilizopozwa hadi zikawa kimiminika. Chupa ya chai ni mjukuu wake. Kamera za vituo vya anga nazo hukaa katika chombo cha ukoo huohuo, kihisi kikiwa ndani ya ombwe, pasipo hewa ya kuleta umande. Jibu lilikuwa mkononi mwangu, nami nikalinywea chai tu.

Ukitaka kujaribu, acha ndoo ya barafu. Usiku wa Salgaa ukishuka kutoka nyuzi 23 hadi 11, elektroni za joto hubaki robo, na chenga zake nusu, bure. Piga picha nyingi fupi, na za giza katika baridi ileile. Mwishowe ifunge kamera kwenye mfuko huko huko nje, uifungue ikishapata joto la ndani.

Alamsiki.