Tembo wa Dhahabu wa Tabora

Katika minada ya sarafu za kale, kipande cha dhahabu chenye uzito wa gramu 7 na ushei hununuliwa kwa maelfu ya dola, ilhali dhahabu iliyomo ni sehemu tu ya bei hiyo. Kipande chenyewe ni rupia 15 za Tabora, za mwaka 1916.

Asili yake ni dhiki ya vita. Manowari za Waingereza zilikuwa zimeifunga pwani, fedha za kutoka Ujerumani zikakatika, na noti zilizopigwa chapa humu nchini hazikuaminiwa sana. Dhahabu ilikuwako Sekenke, katika nchi ya Iramba. Mitambo ilikuwako Tabora, katika karakana ya reli ile iliyofika Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912. Basi uwanda wa kati ukatoa madini, ukatoa na sarafu. Upande mmoja alichorwa tai wa dola. Upande wa pili tembo aliyeinua mkonga mbele ya milima. Zilipigwa kiasi cha 16,000 tu. Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yakaingia Tabora, na kazi hiyo haikurejea tena.

Je, kinunuliwacho ni historia? Si historia peke yake. Mwaka huo huo, Tabora hiyo hiyo, zilipigwa Heller 20 za shaba zaidi ya milioni moja; na Heller ndiyo iliyoiachia lugha ya Kiswahili neno hela. Nazo ni mashahidi wa vita ile ile, lakini hupatikana kwa bei ndogo. Wala uchache peke yake hautoshi, kwani viko vitu vichache visivyotakwa na mtu. Bei hupanda pale uchache na hamu vikutanapo, na hakuna tena awezaye kuongeza hata kimoja. Ndivyo ilivyo Marekani kwa magazeti ya hadithi za picha: toleo la kwanza la Action Comics liliuzwa senti 10 mwaka 1938, watoto wakalisoma na kulitupa; mwaka 2024 nakala moja iliyosalimika ilinunuliwa kwa dola milioni 6.

Hata hivyo, bei si kipimo cha jasho. Mnadani hutajwa mwaka, tembo, na hali ya sarafu. Wachimbaji wa Sekenke hawatajwi. Mnunuzi hulipia uchache. Deni la watu wale humngojea mwanahistoria.