Habari za The Supremes, Waimbaji Watatu wa Detroit

Wazee wetu husema: Figa moja haliinjiki chungu. Katika habari hizi twapenda kuwaeleza wasomaji wetu mambo ya wasichana watatu weusi wa Marekani walioimba pamoja hata sauti zao zikasikiwa katika nchi nyingi. Kundi lao liliitwa The Supremes, maana yake Walio Juu Kabisa. Tena twapenda kumkumbuka yule aliyelichagua jina hilo, kwa kuwa yeye ndiye aliyenyimwa faida yake.

Mji wa Detroit, katika jimbo la Michigan, ulijulikana sana kwa viwanda vya motokaa. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 watu weusi wengi walihama majimbo ya kusini, walikobaguliwa na kuonewa, wakaenda huko kutafuta kazi. Baba yake Florence Ballard alikuwa mmoja wao, akaajiriwa na kampuni ya General Motors. Florence alizaliwa mwaka 1943. Wenziwe wawili, Mary Wilson na Diana Ross, walizaliwa mwaka 1944. Wote watatu walikaa katika majumba ya Brewster-Douglass, yaliyojengwa na serikali kwa ajili ya watu wenye mapato madogo.

Mwaka 1959 Florence alikuwa wa kwanza kuchaguliwa kwa kundi jipya la wasichana, naye akamwita Mary. Kisha wakaongezwa Diana na msichana wa nne. Walijiita Primettes. Mwezi wa Januari 1961 wakatia sahihi mkataba na kampuni ya santuri iitwayo Motown, nayo ikataka wabadili jina. Florence akapewa orodha ya majina, akachagua The Supremes. Wenzake hawakulipenda, lakini likabaki. Mwaka 1962 wakawa watatu tu.

Bwana wa kampuni hiyo, Berry Gordy, hapo zamani alifanya kazi katika kiwanda cha motokaa. Alianza mwaka 1959 kwa mkopo wa dola 800 kutoka kwa jamaa zake, na mahali pake pa kazi palikuwa nyumba ya kawaida kando ya barabara. Mambo aliyoyaona kiwandani aliyatia katika muziki. Huyu atunge, huyu apige ala, huyu aimbe, kisha wakubwa waketi kuamua kama wimbo wafaa kuuzwa. Waimbaji nao walifundishwa. Maxine Powell aliwafunza adabu, jinsi ya kutembea, kuketi na kusema na watu, na Cholly Atkins akawafunza kucheza kwa hatua zinazolingana.

Hata hivyo, kwa muda wa miaka mitatu santuri zao hazikufanikiwa sana, hata watu wa kampuni wakawafanyia mzaha. Mabinti hao hawakuona haya kuwaitikia waimbaji wengine na kuwapigia makofi katika santuri zao. Mwaka 1964 wakaimba wimbo uitwao Where Did Our Love Go, ingawa wao wenyewe hawakuupenda. Wakaenda safari na waimbaji wengine, majina yao yakiwa chini kabisa katika tangazo. Kabla safari haijaisha wimbo ule ulikuwa wa kwanza katika Marekani yote, nao wakapandishwa juu. Tangu hapo nyimbo tano mfululizo zikashika nafasi ya kwanza, na hata mwisho wa mwaka 1969 zilikuwa zimefika 12. Katika siku ambazo watu weusi walikuwa wangali wakidai haki zao, wazungu kwa weusi waliketi nyumbani wakawatazama wasichana hawa katika televisheni, wamevaa vizuri na kuheshimiwa.

Uimbaji wao ulifuata desturi waijuayo watu wa kanisani: mmoja hutangulia, wengine huitikia. Wimbo wao You Can't Hurry Love, wa mwaka 1966, ulitokana na wimbo wa dini. Hapo mwanzo waliweza kupokezana kutangulia, na wengi walishuhudia kwamba sauti ya Florence ndiyo iliyokuwa na nguvu kuliko zote. Lakini Gordy aliona sauti nyembamba ya Diana yafaa zaidi kwa redio, akampa Diana nyimbo zote kubwa. Twakiri kwamba kwa biashara hakukosea. Lakini moyo wa Florence uliumia. Akaanza kunywa pombe na kukosa maonyesho, na ugomvi ukazidi.

Mwaka 1967 jina likageuzwa kuwa Diana Ross na The Supremes. Mwezi wa Julai mwaka huo huo Florence akaondolewa, na mahali pake akawekwa Cindy Birdsong. Mapatano ya kuondoka yalimkataza kujitangaza kuwa alipata kuwa mmoja wa The Supremes. Akajaribu kuimba peke yake, asifaulu. Akashitaki, akashindwa. Nyumba yake ikapotea, akaishi kwa msaada wa serikali pamoja na binti zake watatu. Tarehe 22 Februari 1976 alikufa kwa ugonjwa wa moyo, umri wake miaka 32. Maelfu walikusanyika katika kanisa la New Bethel, Detroit, kumzika. Katika zile nyimbo 12, kumi zilitoka yeye akiwamo kundini.

Wimbo wa mwisho kati ya hizo 12 waitwa Someday We'll Be Together, yaani Siku Moja Tutakuwa Pamoja. Uliuzwa kwa jina la kundi, lakini Mary na Cindy hawamo. Walioitikia ni watu wengine. Diana akajitenga mwezi wa Januari 1970, na kundi likavunjika mwaka 1977.

Mary alidumu tangu mwanzo hata mwisho. Mwaka 1986 alitoa kitabu kilichoeleza habari zao, na wasomaji wengi wakamjua Florence kwa njia hiyo. Baadaye akapigania sheria za kuwazuia watu kuvaa majina ya makundi ambayo hawakuwa wa asili yake, na majimbo mengi yakazikubali. Alifariki mwaka 2021.

Mwaka 1988 The Supremes waliingizwa katika orodha ya heshima ya wanamuziki wa Marekani, na majina yaliyoandikwa ni matatu, Florence, Mary na Diana. Heshima hiyo ilikuwa haki, ila Florence alikuwa amekwisha kulala kaburini miaka 12. Sisi tulio na kwaya na vyama vyetu tuangalie tusingoje hivyo. Anayetangulia wimbo asifiwe, na wanaoitikia watajwe pamoja naye wangali hai.