Chunusi wa Mombasa: Pa Kumcheki Kati ya Fort Jesus, Old Town na Likoni

Muulize msee yeyote aliyelelewa Mombasa kama anaweza kuruka baharini pale Likoni usiku. Atakuangalia kama umechizi, halafu atakwambia kuna chunusi. Na hapa hatuongei kuhusu kile kipele kinachotokea usoni siku ya deti. Chunusi wa baharini ni jini la maji, linakaa kwenye vilindi na mikondo, na kazi yake ni moja: kukushika mguu na kukuvuta chini. Wengine wanasema ananyonya damu, ndio maana mwili ukiibuka unakuwa umepauka. Sura yake hakuna anayeweza kukuchorea, kwa sababu waliomwona hawakurudi kusimulia. Hiyo ni akili ya stori, ukifikiria vizuri.

Kwingine kiumbe kama huyu angekuwa ashajengewa jumba lake na anaingiza ganji. Marekani kuna mji mdogo unaitwa Point Pleasant, West Virginia, una makumbusho ya Mothman, jamaa wa mabawa na macho mekundu, na sanamu yake imesimama pale mtaani watu wakipiga selfi. Chunusi wetu hana jumba. Lakini ukitembea kisiwani siku moja na ujue unachotafuta, utamwona kila mahali.

Anzia Fort Jesus. Ukitoka katikati ya mji unafuata Nkrumah Road kwa miguu hadi inapoishia, ama unachukua tuktuk. Ngome inafunguliwa kila siku, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, na bei ya raia ni ya chini sana ukilinganisha na ya mtalii, kwa hivyo beba kitambulisho. Nenda mapema. Ikifika saa sita yale mawe yanakuchoma kama chapati.

Ndani, uani, kuna mifupa ya nyangumi. Watu wengi wanapiga picha moja wanasonga, na mimi naona wanakosea. Simama hapo kidogo. Uti wa mgongo wenye pingili kubwa kama viti vya jikoni, mbavu ndefu kukuliko. Sasa jiweke kwenye viatu vya mvuvi wa zamani, uko kwenye ngalawa usiku, na kitu cha ukubwa huo kinapumua karibu nawe gizani. Ukifika nyumbani utasema umeona nini? Nguva pia ndio hivyo. Kwenye hadithi ni mwanamke mwenye mkia wa samaki, lakini ni mnyama wa kweli, anakula nyasi za baharini, ananyonyesha mtoto wake, na siku hizi kumwona pwani ya Kenya ni bahati kubwa. Stori nyingi za bahari zina mwili wa kweli ndani yake.

Halafu ingia kwenye chumba cha maonyesho, utafute vitu vya Santo António de Tanná. Hii ilikuwa manowari ya Wareno, na hapo ndipo utaelewa bahari ya Mombasa inavyomeza. Ngome yenyewe ilianza kujengwa 1593. Machi 1696 Waomani wakaizingira, na mzingiro ukaendelea hadi Desemba 1698, karibu miaka mitatu. Waliokuwa ndani waliuawa zaidi na magonjwa na njaa kuliko risasi. Meli ilikuja 1697 kusaidia, ikazama hapo hapo mbele ya ngome, wenzao wakiiona. Ikakaa chini zaidi ya miaka 250. Kati ya 1977 na 1980 wapiga mbizi na wataalamu wa mambo ya kale wakashuka wakatoa mitungi, vyombo vya kauri na vitu vya mabaharia. Mbao za meli zenyewe zikafunikwa tena na mchanga. Kwa hivyo ukisimama juu ya ukuta ukiangalia yale maji ya buluu yaliyotulia, jua kuna manowari nzima imelala chini yako.

Usitoke kabla hujaona michoro ya wanajeshi wa Kireno, waliochora ukutani kwa makaa na udongo mwekundu. Wamechora meli, meli, na meli zingine. Watu waliokwama mbali na kwao, hawana simu. Graffiti ya kitambo kuliko matatu yoyote.

Ukitoka, ingia Old Town, Ndia Kuu. Hapa chunusi ana binamu wake wa nchi kavu, yule dada wa buibui anayenukia marashi, mrembo ajabu, hadi uangalie chini ukute kwato za punda. Kila mtu Mombasa ana rafiki wa rafiki aliyekutana naye, na huyo rafiki siku zote ni mwanaume aliyekuwa nje saa nane usiku bila sababu nzuri. Kunywa kahawa tungu na kashata, uliza wazee kwa heshima, "Shikamoo mzee, eti huku kuna majini?" Ukianza kwa kurekodi na simu utapata kimya tu. Na usipige watu picha bila ruhusa, ule ni mtaa wa watu, wanaishi pale.

Shuka hadi Bandari ya Kale, uone maji yanavyopita. Hapa ndipo mambo yanakuwa mazito.

Mombasa ni kisiwa kilichobanwa na mikono miwili ya bahari. Maji yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, mwezi ukiandama ama ukiwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa inaweza kupita mita tatu. Maji hayo yote lazima yapite kwenye mlango mwembamba. Juu panaonekana shwari, chini kuna mkondo unaokimbia. Ukiingia wakati yanatoka, unahisi kabisa kitu kimekushika mguu. Hiyo si ndoto na wala si woga. Ni maji. Mabibi waliosema chunusi yuko hapa walikuwa wanaonyesha mahali sahihi kabisa, na kama wangesema "mkondo wa maji" hakuna mtoto wa miaka tisa angewasikiza.

Shida yangu na chunusi inaanza mtu akishakufa. Kijana anazama, mtaa unasema ni chunusi, na maswali yanaishia hapo. Hakuna anayeuliza nani alimfunza kuogelea, ama boya lilikuwa wapi. Aprili 29, 1994, feri ya MV Mtongwe ilipinduka ikiwa imebeba watu kupita uwezo wake, wakafa 272. Jini halikuhitajika hapo. Na 2019, gari lilipoteleza kutoka kwenye feri Likoni likiwa na mama na mtoto wake, ilichukua siku 13 kulitoa, kwenye kina cha karibu mita 58. Nchi nzima ilikaa inaangalia maji kwenye runinga. Kina hicho ni kama jumba la ghorofa 18 limesimamishwa chini ya feri unayopanda na mahindi choma mkononi.

Maliza siku Mama Ngina, jioni. Chukua matatu ama tuktuk kutoka mjini, pale kuna mibuyu, upepo, viazi karai, mihogo ya kukaanga na ukwaju baridi. Ukikaa ukutani utaona meli za makontena zikiingia Kilindini, karibu kiasi unaweza kusoma majina yake, na upande wa kulia feri zikivuka.

Mbogi ikianza kuvua mashati, uliza kwanza wavuvi kama maji yanajaa ama yanapwa. Yakiwa yanapwa na ni bamvua, kaeni na viazi vyenu.