Vina, Mizani na Tuhuma ya Woga

Waliosoma fasihi miaka ya 1970 wanaukumbuka mgogoro wa ushairi kama vita vya vina na mizani. Mimi niliyezeeka nikifundisha Kiswahili sekondari naukumbuka kwa jambo jingine: wengi wetu tuliacha kusoma mashairi tukaanza kupima mioyo ya watunzi.

Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alitoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi, na wengi wakaishi kwa sheria hizo. Miaka 20 baadaye Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe, akachapisha Kichomi, mashairi yake yakiwa hayafungwi na vina wala mizani. Washairi Mulokozi na Kahigi wakafuata njia hiyo na Malenga wa Bara mwaka 1976, kisha Kunga za Ushairi na Diwani Yetu mwaka 1979.

Maswali ya maana yalikuwepo. Kina humsaidia msikilizaji kushika shairi kichwani. Kikiondolewa, kazi hiyo ifanywe na nini? Na nyimbo za jadi za bara, ambazo nyingi hazina vina, tuziite nini? Lakini katika ofisi za walimu nilizokaa, mjadala haukufika huko. Wa mapokeo, watetezi wa vina na mizani, walisema vijana wanaogopa ugumu wa mizani. Wa mashairi huru wakarudisha kwamba wazee wanaogopa mabadiliko. Basi, chai ikanywewa na kengele ikalia.

Vitabu vyenyewe vilizikana tuhuma zote mbili. Mshairi Abdilatif Abdalla alifungwa Kenya kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wake Kenya: Twendapi? Humo gerezani akatunga Sauti ya Dhiki kwa vina na mizani. Nani angethubutu kumwambia huyo kwamba anaogopa mabadiliko? Na Mulokozi ndiye aliyehariri Tenzi Tatu za Kale, iliyotoka mwaka 1999. Anayekimbia mizani hahangaiki na tenzi za mababu.

Tena, hata woga ungekuwepo, ungebatilisha nini? Mwoga akisema paa linavuja, dawa ni kupanda juu kutazama.

Ajabu ni kwamba ushairi wetu ulikuwa na adabu yake ya ubishi. Muyaka bin Haji wa Mombasa alirushiana beti na washairi wa Lamu wakati miji hiyo ikiwa na uhasama mkali. Katika malumbano, anayejibu mara nyingi hushika bahari na vina vya mwenzake. Beti hizo zilikuwa na kejeli na matusi ya kutosha, lakini huwezi kushika vina vya mtu usiyemsikiliza. Desturi hiyo ya kujibizana ikaingia hata magazetini.

Darasani niliifufua kwa njia yangu. Mwanafunzi wa kidato cha tano aliyepinga vina nilimwagiza atunge kwanza tarbia iliyotimia; aliyevitetea, alete shairi huru lililosimama. Walirudi wakilalamika, ila walilalamikia mashairi, si tabia za watu.

Siku hizi pande zote mbili zimo katika mtihani. Watahiniwa wanakariri sifa za kila upande na kupata alama zao. Kina kikiondoka, kazi yake ifanywe na nini? Hilo bado hawaulizwi.